Samaki Aliyekwenda kwa Gaju

Siku ya Ijumaa hapa interna, bweni la shule yetu, wanapika samaki. Harufu inafika darasani kabla ya kengele ya saa sita, mafuta ya mawese na kitunguu, na wasichana wanaanza kusogezasogeza miguu chini ya madawati. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuvuta pumzi kidogo kidogo. Wenzangu wameshanizoea. "Leta ya kwako, mutoto wa ngombe," ananiambia Emeransia anayekaa karibu nami mezani, nami namsukumia sahani bila neno. Wanafikiri sipendi samaki. Kweli yenyewe ni kwamba sijawahi kuonja, wala sijawahi kuwaeleza sababu, maana kusema mbele ya watu kunanishinda, mdomo unakauka kama nimekula majivu. Kuandika ninaweza. Basi naandika, kwa wale wa umri wangu watakaolifungua daftari hili siku moja, ao hata kama hakuna.

Kwetu ni Nyamitaba, kule juu ambako ukungu wa asubuhi unaingia mpaka ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni. Papa, baba yetu, alikuwa anapokea maziwa kwenye kiwanda cha mzungu mmoja mwenye shamba. Kila alfajiri kamyo, lile lori la kiwanda, ilikuja kubeba mabidoni ya maziwa kuyapeleka Goma. Watu walisema "ngombe za Papa," lakini sisi nyumbani tulijua ng'ombe ni wa Nyogokuru, yaani mama yake Papa. Yeye ndiye aliyewaita kwa majina, yeye ndiye aliyegawa maziwa jioni. Na sisi watoto tulikuwa wawili: dada yangu Konsolata, wa kwanza, na mimi wa mwisho. Kati yetu walizaliwa wengine wawili, hawakukaa. Mama hakuwataja, lakini kila mmoja wetu akipiga chafya usiku nilimsikia akiinuka.

Mwaka ule Konsolata alianza kuwa mweupe. Sijui niseme namna gani. Ngozi yake ilikuwa ile ile, lakini ndani ya mdomo na chini ya kucha palikuwa peupe kama karatasi. Akipanda kilima na mtungi wa maji alisimama mara nyingi, akijifanya anatazama maua. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba anakwangua udongo wa ukuta kwa kucha na kuulamba. Aliniona. Akaniambia, "Onja basi, iko mutamu." Nikaonja. Haukuwa mtamu. Nilinyamaza kwa sababu nilifikiri ni siri ya wasichana wakubwa, jambo ambalo ningelielewa nikikua.

Mama alimpeleka dispanseri. Muganga akamvuta kope ya chini, akatazama, akamwita mwenzake naye aje kutazama. "Mama, huyu damu yake iko wapi?" Akatoboa kidole, akaweka tone kwenye kipande cha kioo. Halafu akasema maneno ambayo Mama aliyarudia njiani kote kama mtu anayeogopa kuyasahau: maziwa peke yake haiwezi. Anahitaji nyama, mayai, samaki. Sana sana samaki, kwa sababu nyama najua hamutachinja.

Alijua vizuri. Kwetu ng'ombe hachinjwi kwa sababu mtoto amechoka, na kuku hatukufuga. Kuhusu samaki, Papa alijaribu kumwambia Nyogokuru jioni ile ile, akiwa amekaa chini kabisa, karibu na moto, kama mtoto anayeomba.

"Samaki?" Nyogokuru akauliza. "Mu nyumba ya maziwa?"

"Muganga njo alisema, Mama."

"Muganga iko na ngombe ngapi?"

Yakaishia hapo.

Lazima niwaeleze desturi, maana Emeransia na wenzake, watu wa maharagwe na mihogo, watacheka. Kwetu mtu aliyekula samaki hanywi maziwa, wala hagusi vyombo vya maziwa. Akinywa, yule ng'ombe aliyetoa maziwa anaharibika. Kiwele kinavimba, kinatoa damu. Hakuna aliyeniambia inakuwaje. Basi mimi, na akili yangu ya miaka minane, nilijitengenezea maelezo yangu: tumbo la mnywaji na kiwele cha ng'ombe vina njia moja, mahali fulani chini ya ardhi, kama njia ya fuko. Kinachoingia huku kinatokea kule. Niliona ni jambo la kawaida kabisa, sikuuliza.

Wakati wa likizo kubwa, kiangazi, Papa akapata siku moja ya kupumzika. Akatangaza kwamba tutaenda Goma kuona ziwa. Hatukuwa watu wa kwenda kuona vitu. Niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Mama alivaa kikwembe chake cha misa, akampaka Konsolata mafuta mpaka akang'aa, na Nyogokuru akatujazia maziwa ya njiani, akasema tusiyaache juani. Alisimama uani akitupungia mkono mpaka kamyo ikageuka. Alifikiri ni matembezi. Na mimi nilifikiri ni matembezi.

Tulikaa nyuma, kati ya mabidoni yaliyojaa, tukishikilia vishikio ili yasitugonge magoti. Tulipoanza kuteremka kuelekea Sake niliona kitu kikubwa, cha bluu, kimelala chini kati ya milima. Nikauliza mbona ukungu ule hauondoki na jua limeshatoka.

Konsolata akacheka mpaka akakosa pumzi. "Si ukungu ile, weye. Ni maji."

"Yote?"

"Yote. Na ndani muko batu ya Goma banaoga."

Dereva, Papa Anselmi, akatoa kichwa dirishani. "Mushike vizuri huko nyuma! Nikimwaga maziwa mutanilipa na nini? Na huyo mutoto?"

"Huyo hata hana bei," Konsolata akamjibu. Nilifurahi sana aliponitania. Kwa wiki nyingi alikuwa hana nguvu ya kunitania.

Goma tulipokelewa na Shangazi Langida, mdogo wake Papa. Nilikuwa namwona mara ya kwanza. Alikuwa na pua ya Papa na kicheko ambacho Papa hana. Nilidhani haji kwetu kwa sababu njia ni ndefu. Mume wake, Papa Donati, alikuwa mpishi katika hoteli moja iliyo kando ya maji, na alikuwa ametuahidi kutuonyesha maajabu. Akatupitisha mlango wa jikoni.

"Polepole. Patron mwenye hoteli amelala. Akiamka, ninyi ni wauza mboga."

Ukumbini, mahali pa wazungu kunywea, palikuwa na sanduku la kioo refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji, na ndani yake samaki. Wadogo, wenye mistari ya manjano na myeusi, na mmoja mnene mwenye macho ya kutoka nje. Povu dogo lilipanda kutoka chini bila kukoma. Sikuwa nimewahi kuona samaki aliye hai. Wale wa sokoni walikuwa wakavu, vipande vya miti vyenye macho. Nikaweka pua kwenye kioo. Yule mnene akaja mpaka puani kwangu, akafungua mdomo, akafunga, akafungua.

"Anasema nini?" nikanong'ona.

"Anasema utoe pua yako," Konsolata akanijibu.

"Na banakunywa maji hivi siku muzima, banakojoa wapi?"

"Mule mule."

Papa Donati akashika tumbo kwa kucheka bila sauti. Nikamwuliza kama wanalala. Akafikiri, kwa heshima, kama nimeuliza jambo la watu wazima. "Hazilalake. Mimi napitaka hapa kila saa, usiku, mchana, ziko tu zinatembea. Samaki hajuwe kusimama."

Neno hilo likaniingia. Samaki hajui kusimama. Nilitazama pia kile kioo na nikakumbuka kipande cha kioo cha muganga na tone la damu ya Konsolata juu yake, nikahisi baridi, sijui kwa nini. Sikupenda tena kukaa pale. Nikamvuta dada yangu kikwembe.

Ufukoni, chini ya hoteli, mawe ni meusi, ya volkano, na kati ya mawe pana mchanga mweusi unaochoma nyayo. Kitu cha kwanza alichofanya Papa kilikuwa kuinama, kuchota maji kwa kiganja, kuyaonja, na kuyazungusha mdomoni kama afanyavyo kwenye kila kijito anachotaka kunyweshea. "Ngombe zingependa hii," akasema, kama mtu aliyetumwa kuchagua. Vijana waliokuwa wanaogelea wakamwona.

"He! Batu ya milima bamekuja kunywesha!"

"Papa, ngombe umeziacha wapi? Mu mufuko?"

Papa akacheka nao. Sisi tukavua viatu. Konsolata alinishika mkono tukaingia mpaka magotini, na kila maji yalipotufuata tulipiga kelele na kukimbia, kisha tukarudi kuyachokoza. Alikuwa anacheka na anahema, anahema zaidi ya kucheka, mpaka akakaa juu ya jiwe na kuweka mkono kifuani. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Mama alimtazama kwa mbali. Kisha akamtazama Shangazi, akatikisa kichwa kidogo, na Shangazi akaondoka.

Alirudi na sufuria na bugali imefungwa kwenye majani ya migomba. Alipofungua, harufu ikatoka nyekundu. "Mawese ya Itebero hii," akasema, "ile inatoka mu pori ya Walikale kwenye mabega ya batu. Si ile banachanganyaka na maji." Alikuwa anaongea haraka, juu ya mafuta, juu ya bei ya bugali, juu ya kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa ndani ya sufuria. Papa aliinuka. Akatembea kando ya maji, akasimama mbali, mgongo kwetu. Nilifikiri anatazama mitumbwi.

"Kuja hapa," Mama akamwambia Konsolata. Akamkalisha nyuma ya jiwe kubwa.

Konsolata akaona. Akarudisha mikono nyuma. "Na Gaju, Mama?"

Gaju alikuwa ng'ombe wake. Nyogokuru alimpa alipokuwa ndama, mwekundu kama udongo mpya, akisema atakwenda naye siku ya kuolewa. Maziwa yake Konsolata aliyanywa kabla ya mtu yeyote.

"Gaju iko na damu," Mama akasema. "Weye hauna."

Mama alitoa miiba kwa vidole vyake, mmoja mmoja, akamwekea dada yangu mdomoni kama anavyolishwa mtoto asiye na meno. Dada yangu alilia kwenye tonge la kwanza. Kwenye la pili alinyamaza. Kwenye la tatu alichukua mwenyewe. Sijasahau alivyokula, hakuwa anakula kama mtu anayeonja kitu kigeni. Alikula kama alivyolamba ule ukuta, macho yamefumba, na mwishoni alifuta mafuta kwenye jani kwa kidole. Mama hakula. Nami nilipewa ndizi. "Weye hapana," aliniambia, nami sikujua kama nanyimwa ao nalindwa.

"Muache kwangu," Shangazi alisema polepole. "Miezi tu. Hapa samaki iko kila siku."

"Langida, sikutoka na batoto babili nirudi na moja."

Kisha Mama akampa maagizo. Leo jioni utasema tumbo inauma. Kesho vilevile. Kesho kutwa utakunywa, samaki itakuwa imepita. Akanigeukia mimi, akanishika kidevu. "Na hii mudomo?" Nikatikisa kichwa, nikaufunga kwa vidole kuonyesha.

Tulirudi wakati wa kukamua. Jua lilikuwa bado kwenye vilele. Nyogokuru alikuwa ameketi mahali pake, na mbele yake icyansi, vile vyombo vya mti vya maziwa, kimoja cha kila mtu. Alikuwa mchangamfu. Alitaka kujua ziwa ni kubwa kiasi gani, kama mbuga ya kwa fulani ao zaidi. Akachukua icyansi ya Konsolata, iliyojaa maziwa ya Gaju, povu bado linapasuka, akamnyoshea kwa mikono miwili.

"Tumbo inaniuma, Nyogokuru."

"Tumbo inayouma njo inataka maziwa."

"Nitakunywa kesho."

"Mutoto yangu." Mikono yake ilikuwa bado imenyooka. "Nimekungojea siku muzima. Shika."

Konsolata alimtazama Mama. Mama alikuwa mlangoni, ameshika mwimo. Papa alikuwa anachochea moto uliokuwa unawaka vizuri. Mimi nilikuwa nimeuma midomo yangu kwa ndani. Sote watatu tulijua. Dada yangu akapokea, akanywa. Niliona koo lake linashuka na kupanda, na nikamwona, ninavyowaambia, nikamwona yule samaki mwenye mistari anaamka ndani ya yale maziwa na kuanza kutembea.

Haikupita wiki, kiwele cha Gaju kikavimba upande mmoja. Kikawa cha moto, na ndani ya maziwa mlikuwa na nyuzi nyekundu. Nyogokuru alikipaka siagi na dawa za majani asubuhi na jioni, akimwimbia. Konsolata aliacha kula kabisa. Mimi nililala nikiwa nimeweka sikio chini, kwenye mkeka, nikisikiliza kama kuna kitu kinaogelea.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, sitajipamba. Hakuna aliyenilazimisha. Sikumwonea dada yangu wivu. Asubuhi moja nilikwenda zizini, Nyogokuru alikuwa amechuchumaa, mikono yake imejaa siagi, nikasimama nyuma yake. Nilitaka tu mtu amtoe yule samaki. Nilifikiri yeye anayejua dawa zote atajua namna ya kumtoa, na Gaju atapona, na yote yatakwisha.

"Nyogokuru, samaki iko ndani ya Gaju."

"Samaki gani?"

"Ya Konsolata."

Hakupiga kelele. Alimaliza kupaka. Akanawa mikono, polepole, mpaka kwenye viwiko. Akaingia ndani, kwenye kichanja cha vyombo vya maziwa, akachukua icyansi ya Konsolata, ile yenye mfuniko aliomsukia mwenyewe, akaniwekea mikononi.

"Tangu leo utakunywa mu hii."

Papa aliporudi kutoka kazini waligombana, yaani Papa aliongea na Nyogokuru alikaa. "Mama, ile ni ndama ya Gaju. Iko na meno mapya, iliuma kiwele, mimi nimeona vidonda."

"Ulijua samaki?"

Papa akageukia moto.

"Nakujua. Ulisimama kando, ukageuza mugongo. Hata ulipokuwa mudogo, nduguzo wakiiba asali, weye uligeuza mugongo."

"Iko mutoto, Mama. Iko mugonjwa."

"Unafikiri sioni iko mugonjwa?" Hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Hizi ngombe zilinilea. Nilibaki bila mama, bila baba, zikaninyonyesha. Sasa niziue kwa mukono yangu?"

Alilia jioni nzima, kichwa cha Konsolata kikiwa kwenye mapaja yake, akimpapasa nywele. Alimpenda, mtu asinielewe vibaya. Hakumfukuza. Alisema atakaa, atakula chochote tutakachokula, ila maziwa hapana, na vyombo hapana, na zizini hapana. Lakini katika nyumba kama yetu, mtu ukimwondolea hayo, anabaki na nini mkononi? Konsolata ndiye aliyekuwa anasafisha vyombo na kuvifukiza moshi. Sasa alikaa kwenye kizingiti, mikono juu ya magoti, na jioni Nyogokuru aliponijazia, nilikunywa mbele yake. Nilitaka kukataa. Kila jioni nilitayarisha maneno ya kukataa, na kila jioni mikono ile miwili ilininyoshea, nikapokea.

"Kunywa," Konsolata aliniambia mara moja, kwa sauti ya chini. "Itapoa."

Gaju alipona. Alipona kabla ya kiangazi kwisha, kiwele kikarudi laini, maziwa meupe. Sote tulimwona. Icyansi ya Konsolata ikabaki mikononi mwangu.

Kamyo ya alfajiri ilimchukua Konsolata kwenda kwa Shangazi siku chache baadaye. Mama mwenyewe alimfungia nguo zake, Mama mwenyewe akampandisha kati ya mabidoni, yeye aliyesema hatarudi na mtoto mmoja. Papa Anselmi hakutania. Mimi nilijificha zizini, nyuma ya Gaju, nikasikia wananiita nikaage, na sikutoka.

Alirudi kututembelea kiangazi kilichofuata. Nilimwona akipanda kilima bila kusimama hata mara moja, tena anakimbia sehemu ya mwisho. Mashavu yamejaa. Kucha zake zilikuwa nyekundu kwa chini, kama za mtoto mchanga. Mama alimshika mikono akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko kwa muda. Shangazi alikuwa amemlisha kila siku, bila kuhesabu.

Nyogokuru alitoka kumpokea, akamkumbatia kwa muda mrefu, mkono hapa mkono pale, kama desturi. Konsolata akataka kuketi mkekani, mahali pake pa zamani karibu nami. Nyogokuru akamshika kiwiko kwa upole, akamvutia kile kiti cha mbao tunachomtolea padiri. Akapangusa vumbi kwa ncha ya kikwembe chake. Akamletea chai ya rangi kwenye bilauri ya kioo, juu ya kisahani. Sisi wengine tukashika icyansi zetu. Ya kwangu nilijaribu kuificha kati ya magoti, lakini ni chombo kirefu.

Nyogokuru aliketi mbele yake, akanyosha nguo, na akamwuliza yale anayowauliza watu wanaotoka mbali.

"Habari ya njia?"

"Muzuri, Nyogokuru."

"Mvua ilinyesha huko?"

"Ilinyesha kidogo."

"Na kwenu, bote bazima?"

Konsolata alishika bilauri kwa mikono miwili. Alimtazama Mama, akamtazama Papa, na Papa alikuwa anachochea moto. Mimi hakunitazama.

"Bazima," akasema. "Kwetu bote bazima."